Faili Niliyompa Mwanaima

Alhamisi, 3 Aprili

Idd imekwisha na wateja wamerudi. Leo nimepiga picha nane za pasipoti, nimechapa kadi za arusi, na nimetoa fotokopi mpaka mashine ikaanza kunuka. Fauzia, mke wangu, anasema kichwa changu kimejaa mambo nisiyomwambia mtu, afadhali niyatie kwenye daftari. Haya, nimeanza.

Adhuhuri alikuja Mwanaima. Huyu ni katibu wa Nia Moja, kikundi cha wanawake ishirini na wawili wa upande wa Majoreni wanaopanda mwani na kupika sabuni. Nembo yao niliitengeneza mimi miaka mitatu iliyopita: mikono miwili imeinua kamba ya mwani, na jina la kikundi chini yake. Alikuwa amelowa jasho na furaha. Hoteli moja ya Diani imekubali kutia sabuni yao katika vyumba vyote, na wakiridhika nayo wataipeleka katika hoteli zao nyingine. Masharti ni kwamba kila kipande kiwe ndani ya kisanduku, na nembo iwe juu ya kisanduku na juu ya sabuni yenyewe. Ameshazungumza na mchapishaji wa Mombasa, mtu wa bara aitwaye Harrison. Harrison anataka nembo iwe vekta.

Akaniuliza vekta ni kitu gani. Nilimweleza kama mwalimu, mguu juu ya mguu. Nikamwambia picha ya kawaida, ile JPEG ya simu, ni nukta ndogo za rangi zilizopangwa safu kwa safu. Ukiikuza, nukta hazizidi, zinanenepa tu, na kila ukingo unakuwa ngazi. Vekta haina nukta. Ndani yake kompyuta imehifadhi maelezo: anza hapa, pinda hivi, ishia pale, jaza kijani. Kila unapobadilisha ukubwa inachora upya, ikawa ya kisanduku au ya ukuta wa nyumba, ukingo ukabaki safi.

Alisikiliza vizuri, akaniuliza, "Kwa hivyo yetu ni ipi?"

Nikamwambia ninayo, nitamtolea.

Sinayo. Niliifanya kwa nukta, upana wake mia sita tu, na kalamu ya kuchorea vekta sikuwahi kujifunza sawasawa. Nje ubao wangu umeandikwa Mtaalamu wa Nembo.

Jumamosi, 5 Aprili

Mwanaima amepiga simu mara mbili. Anasumbua.

Jumatano, 9 Aprili

Nimejaribu kuchora ile mikono kwa kalamu ya vekta. Saa tatu nzima. Vidole vimetoka kama viazi vitamu. Nina kadi mia nne za arusi ya Msambweni zinazotakiwa keshokutwa, na Mwanaima anakuja kesho.

Nimefanya hivi: nimefungua programu ya vekta, nimeibandika ile JPEG ndani yake kama ilivyo, kisha nimehifadhi kwa jina linaloishia na EPS. Mtu akilitazama jina ataiona vekta. Ndani ni zile zile nukta mia sita, zimevaa koti la mwenziwe.

Kisanduku chenyewe ni kidogo. Nani ataitazama kwa karibu?

Alhamisi, 10 Aprili

Nimempa Mwanaima flashi yenye faili mbili. Nikamwambia ya kumtumia Harrison ni ile yenye EPS, ile JPEG waitumie kwa matangazo ya WhatsApp. Aliandika maelezo yangu kwenye daftari lake, neno kwa neno. Ataituma kwa barua pepe kutoka saiba, duka la intaneti, kule Msambweni. Alinishukuru kwa namna iliyonifanya nitazame barabarani.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua ya kwanza ya kweli. Maji yameingia mpaka kizingitini.

Alhamisi, 17 Aprili

Harrison kanipigia. Namba yangu kapewa na Mwanaima. Ana ile sauti ya watu wa bara ya kukuharakisha. "Boss, hii ni vekta kweli? Mbona iko nzito hivi?"

Hapo nilikuwa na mlango wa kutokea. Vekta ya nembo kama ile ni nyepesi, haijazi hata ukurasa. Iliyokuwa nzito ni picha. Nikamwambia ndiyo, ni vekta, ina mambo mengi ndani. Akasema basi sawa, atanitumia sampuli niithibitishe kwa vile mimi ndiye fundi wao.

Sampuli ilifika kwenye simu yangu nikiwa na bwana arusi mbele yangu analalamika kuhusu herufi za jina la mkwewe. Niliiona ndogo kama kucha. Nikaandika: Sawa, endelea.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua siku ya tano mfululizo. Umeme unakatika na kurudi.

Leo kaniita Swabir, anayechonga mihuri hapa Ukunda, duka la tatu kutoka kwangu. Mwanaima alimpelekea faili ile ile ili achonge muhuri wa shaba wa kugandamiza juu ya sabuni. Swabir ameniketisha mbele ya mashine yake. Mashine ya kuchonga hufuata mstari, na yeye ameiambia itafute mstari, nayo imesimama tu.

"Kheri, humu hamna mstari hata mmoja," akasema. "Kuna picha imebandikwa. Nani kakutengenezea hii?"

Nilimwambia nilichanganya faili, nitamletea nyingine. Akaniuliza kama mchapishaji kapewa hiyo hiyo. Nikamwambia hapana.

Jumatano, 23 Aprili

Sikumpigia Harrison.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilishika simu mara tatu. Nikimwambia asimamishe, itabidi nieleze kwa nini. Huenda hajafika kwenye kazi yetu. Huenda rangi ya kijani itaficha. Huenda hoteli hawajali.

Sikumpigia.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Fauzia kaniuliza kwa nini siku hizi naacha chakula. Nimemwambia tumbo.

Jumamosi, 3 Mei

Visanduku vimefika.

Mwanaima na Bi Rai, mwenyekiti wa kikundi, walivipokea Mombasa, wakavipitisha dukani kwangu kabla ya kuendelea nyumbani, kwa sababu Mwanaima alitaka mimi niwe wa kwanza kuona. Walikuwa hawajafungua. Alikata kamba kwa meno.

Nitaandika nilichokiona. Kisanduku ni kijani cha mwani mbichi, kizuri. Katikati yake kuna mraba mweupe mkubwa, kama plasta juu ya kidonda, kwa sababu JPEG haijui kuacha kitu wazi, penye utupu hutia weupe. Ndani ya mraba ile mikono imekatika ngazi ngazi. Herufi za Nia Moja zimezungukwa na vumbi la kijivu. Kamba ya mwani inaonekana kama uzi wa matapishi. Visanduku vyote elfu kadhaa ni hivyo hivyo.

Bi Rai ni mama wa miaka sitini na kitu, mtaratibu, anayevaa leso zilizofuliwa mpaka zikapauka. Alikigeuza kisanduku huku na huku. Mwanaima akafungua cha pili, cha tatu, cha kumi, kana kwamba vya chini vitakuwa tofauti.

Akanitazama. "Kheri, ndivyo inavyotakiwa kuwa?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia kuna kosa limetokea mahali.

Mahali.

Jumatatu, 5 Mei

Hoteli wamevikataa. Wamesema watangoja wiki mbili. Nia Moja hawana uwezo wa kuchapa tena, fedha zote zilikwenda kwenye visanduku hivi.

Jumanne, 6 Mei

Lazima niyaandike haya yote leo, maana nikilala nitaanza kuyapunguza.

Waliniita Majoreni kwenye kikao. Nilikwenda na pikipiki kutoka njia panda, tope mpaka magotini. Walikuwa wameketi katika banda la kupikia sabuni, wote ishirini na wawili, mvua inapiga mabati mpaka ikabidi mtu ainue sauti. Visanduku vilikuwa vimerundikwa pembeni chini ya turubai.

Niliwaamkia, nikampa Bi Rai shikamoo yake. Akaitika marahaba, akanikaribisha chai. Walinipa kiti, wao wako mkekani. Nilitamani wangenikaripia.

Bi Rai akaeleza kwamba wamempigia Harrison, naye amewaambia faili aliyopokea ilikuwa picha, si vekta. Wao hawajui mambo haya. Wameniita mimi mjuzi niwaambie kosa ni la nani, ili wajue pa kuanzia.

Nilikuwa na jibu la maneno matatu, kosa ni langu. Nilifungua kinywa ili niyaseme. Kilichotoka ni hiki: kwamba katika ile flashi nilitia faili mbili, moja sahihi na moja ya WhatsApp, na kwamba ni rahisi mtu asiyezoea kutuma isiyo yenyewe. Nikaongeza kwamba hata faili nzuri ukiituma kwa WhatsApp huminywa ikaharibika. Nilisema kwa sauti ya upole, ya mtu anayemwonea huruma aliyekosea. Nilitaja nukta na mistari. Nilijua hakuna hata mmoja pale anayeweza kunipinga.

Wanawake wakamgeukia Mwanaima.

Yeye alikuwa ameketi karibu na mlango, daftari lake mapajani. Akasema, "Mimi nilituma ile uliyoniambia. Ile yenye EPS mwisho. Nimeandika hapa."

Nikamwambia, "Dada yangu, huenda uliandika sahihi ukabonyeza nyingine."

Alilitazama tena daftari. Alikuwa kama mtu anayejiuliza kama kweli alibonyeza nyingine. Hilo ndilo siwezi kulitoa kichwani. Kwa muda mfupi nilimfanya asiamini vidole vyake mwenyewe.

Mmoja akasema tangu mwanzo yeye hakutaka mambo ya hoteli, ni Mwanaima aliyewavuta. Mwingine akasema katibu gani asiyejua faili. Bi Rai akawanyamazisha, lakini mwisho wa kikao wamekubaliana ukatibu upumzishwe mpaka jambo litulie. Mwanaima akalisogeza daftari katikati ya mkeka, akatoka, mvua ile ile.

Wamenisindikiza mpaka barabarani na furushi la sabuni, shukrani ya kuja kwangu. Bado limo kwenye mfuko. Nyumba nzima inanuka karafuu.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekwenda kuswali, nimeshindwa kukaa mpaka mwisho wa dua.

Jumanne, 13 Mei

Harrison kanipigia. Nilidhani ana pupa ya kujitetea. Kumbe mtu huyu nilimdhania vibaya.

Amesema ameifungua tena faili kwenye kompyuta kubwa. "Jina ni EPS, lakini ndani ni JPEG imewekwa. Huyo mama hawezi kufanya hivyo kwa bahati mbaya. Hiyo ni mkono wa fundi."

Nilisikia mashine zake zikifanya kazi nyuma yake.

Akasema hata yeye ana lawama, angekataa kuchapa alipoiona nzito. Akasema yuko tayari kuchapa upya na wao walipie karatasi peke yake, mradi apate vekta ya kweli. Kisha akasema, "Mwanaima akiniuliza mimi nitamwambia ukweli. Asiponiuliza, ni juu yako kusema. Lakini usichelewe, bro."

Jumamosi, 17 Mei

Mto Umba umefurika. Wanasema maji matamu yameshuka baharini mpaka mwambao mzima umekuwa rangi ya chai. Mwani hauvumilii maji matamu. Unapauka, unalainika, unadondoka kamba kwa kamba.

Zile wiki mbili za hoteli zinaisha keshokutwa.

Jumatatu, 19 Mei

Hoteli wamechukua sabuni kwa watu wengine.

Alhamisi, 22 Mei

Leo mvua ilikatika kidogo na jua likatoka. Nilikuwa nafuta kioo cha mashine. Mwanaima akaingia.

Amekonda. Alikuwa amemshika mkono binti yake, Zainabu, wa miaka mitano, amesukwa vizuri, amevaa sare ya chekechea. Akatoa salamu kama kawaida. Akasema anataka picha ndogo nne, na moja ya kusimama wima, mwili mzima, miguu ionekane.

Mtu wa duka la picha hahitaji kuelezwa. Picha ya kusimama wima huitaka mawakala wanaopeleka wasichana kazi za nyumbani Uarabuni. Matajiri wa huko wanataka kuona kimo.

Nikamuuliza ni lini. Akasema pasipoti anayo tangu mwaka juzi, aliikata akiwa na wazo la kwenda, akaliacha, sasa wakala anasema mapema mwezi wa sita. Yeye na mumewe walishaachana. Mwani umekufa, na kwenye kikundi, akasema, watu wakimwona kisimani wanakumbuka walichosahau nyumbani, wanarudi. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja bei ya samaki.

Nilimsimamisha mbele ya shuka nyeupe. Nikamwambia ainue kidevu. Nilirudia picha mara nne. Zainabu alikuwa chini anachezea mkasi wa kukatia picha, nikamwondolea.

Nilipomkabidhi bahasha, hakuondoka. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, akaniuliza, "Kheri, una neno la kuniambia kabla sijaenda?"

Nikamwambia, "Mungu akutangulie."

Akaitika amina. Akamwinua mtoto, wakaenda.

Nimefunga duka saa saba mchana.

Jumamosi, 24 Mei

Nimetafuta kwenye droo ya chini nimeipata karatasi ya mwanzo. Ilikuwa humo miaka mitatu, chini ya vocha za zamani. Ni ukurasa wa daftari la shule, mchoro wa penseli, alioufanya Mwanaima mwenyewe. Siku ile niliupiga picha kwa simu, nikaupunguza, nikautia rangi haraka haraka, nikaondoka kwenda mpirani.

Leo nimeutazama kwa mara ya kwanza kwa makini. Mkono wa kushoto una vidole vinne. Nilidhani amekosea, kisha nikakumbuka jinsi Bi Rai alivyoshika kisanduku dukani kwangu. Kidole chake kidogo hakipo, kilikatwa na kamba ya mashua akiwa msichana. Mwanaima alikuwa amechora mkono wa Bi Rai, mpaka mkunjo wa ngozi pale kidole kilipoishia. Mimi katika ile JPEG nilikuwa nimeongeza kidole cha tano, kwa sababu mikono ina vidole vitano.

Jumapili, 25 Mei

Nimeanza kuchora upya. Natazama mafunzo mtandaoni, narudia. Kila pindo la mstari lina nukta moja ya kushikia, si ya rangi, na vishikio viwili pembeni. Ukivuta kishikio mstari unajikunja. Ukiweka nukta nyingi, mkono unakuwa na manundu. Siri ni kutumia chache.

Kidole gumba peke yake kimechukua saa nne.

Jumatano, 28 Mei

Mkono wa kulia umekamilika. Nimeufuta. Ulikuwa mkono wa mtu yeyote.

Jumapili, 1 Juni

Fauzia aliniuliza nani amenipa kazi hii inayoninyima raha. Nimemwambia yote. Nilidhani atanifariji. Alitia maharagwe majini, akasema, "Na yule mwanamke bado yupo hapa nchini, nawe unachora."

Jumanne, 3 Juni

Imekamilika. Nimeikuza mpaka kidole kimoja kikajaza kioo kizima cha kompyuta, ukingo haukukatika popote. Nimeihifadhi kama SVG, aina nyingine ya vekta, na kama EPS ya kweli, na PNG, picha isiyo na mraba mweupe, kwa simu zao. Ile SVG ni nyepesi kuliko ujumbe wa sauti wa sekunde kumi.

Kazi ya siku kumi. Mwezi wa nne nilidhani sina muda.

Jumatano, 4 Juni

Nitakwenda Majoreni baada ya Idd. Kabla ya Idd si vizuri kuwatibua watu.

Ijumaa, 6 Juni

Idd. Nimekula nyama bila kuijua ladha.

Jumapili, 8 Juni

Mvua imerudi, nyembamba. Njia ya Majoreni wanasema ina tope. Nitakwenda wiki hii.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda.

Walikuwa watano tu bandani. Wengine wameacha, wameingia kuuza mandazi na kulima. Kamba za mwani zilikuwa zimerundikwa hapo, nyeupe, zinanuka. Visanduku vyetu wamevitumia kuwashia moto, nusu vimekwisha.

Nilikataa kiti. Nikasimama, nikayasema bila kuzunguka. Kwamba faili mbaya niliitengeneza mimi. Kwamba nilijua. Kwamba Swabir aliniambia mapema na nikanyamaza, na kwamba siku ile mbele yao nilisema uwongo, nikamtwika Mwanaima. Nikaitoa flashi na karatasi niliyochapa nembo mpya, iliyofuata mchoro wa Mwanaima, nikaziweka mkekani mbele ya Bi Rai. Nikawaambia Harrison yuko tayari kuchapa upya kwa karatasi tu, nayo karatasi nitalipa mimi.

Hakuna aliyeniambia neno baya. Mmoja alifunika uso kwa leso. Bi Rai aliichukua karatasi, akautazama ule mkono wa kushoto, akaweka mkono wake juu yake, kidole kwa kidole.

"Kanichora mimi," akasema. Alikuwa hajui. Miaka mitatu sabuni zao zinauzwa zikiwa na mkono wangu wa vidole vitano, hakuna aliyejua.

Nikaomba anipeleke nyumbani kwa kina Mwanaima nimwombe radhi kwa kinywa changu.

Bi Rai hakuondoa mkono kwenye karatasi. "Keshaondoka. Jumanne. Mamaye alimsindikiza mpaka Mombasa peke yake. Sisi hatukwenda."

Kisha akasema, si kwangu hasa, "Mimi nimempokea mtoto yule siku aliyozaliwa. Nikamnyima salamu kwa ajili ya jambo nisilolijua."

Akaniomba niende. Alisema kwa adabu. Karatasi alibaki nayo, flashi alinirudishia, akasema hana sabuni ya kuitia.

Nilipita kwa mama yake Mwanaima hata hivyo. Alisimama mlangoni, hakunikaribisha ndani. Nikaeleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango taratibu ili mtoto asiamke.

Jumamosi, 14 Juni

Namba mpya ya Mwanaima nimepewa na Harrison, alimwandikia jana. Nimempelekea ujumbe wa maandishi, si wa sauti, nisije nikajisikia mwenyewe nikijipamba. Nimeeleza yote, tangu tarehe tisa Aprili. Nimemwambia nimekwisha kusema mbele ya kikundi. Nimemuuliza kama anataka nimpelekee nembo aione.

Jumatatu, 16 Juni

Hajasoma.

Jumatano, 18 Juni

Nimeushusha ubao wa Mtaalamu wa Nembo. Mteja akaniuliza kama nimehama.

Jumamosi, 21 Juni

Asubuhi nimekuta ujumbe wake wa sauti, ameutuma jana jioni. Dakika moja na nusu. Anazungumza chini chini, na nyuma yake kuna mashine ya kufulia inazunguka. Nimeusikiliza mara nyingi, naunakili hapa nisije nikaulainisha baadaye.

Ameanza kwa salamu, ameuliza hali ya Fauzia. Amesema amefika salama, nyumba ni kubwa, watoto ni sita. Kisha akasema:

"Kheri, nilijua. Harrison nilimuuliza mwezi wa tano, akaniambia, kabla sijaja kwako kupiga picha. Nilikaa pale kwenye kiti nikingoja useme wewe. Ningesema mimi lingekuwa neno langu dhidi ya lako, na wewe ndiye mtaalamu. Ungesema siku ile, nisingepanda ndege. Sikuombei mabaya. Lakini hiyo nembo usinitumie."

Hapo ujumbe ukakatika, au aliukata.

Mkataba wake ni wa miaka miwili. Nimemjibu, nimeandika nikafuta, nikaandika, mwishowe nimetuma maneno machache tu, nisamehe dada yangu. Alama moja ya kijivu, haijafika. Mama yake amemwambia Bi Rai kwamba simu wanampa Ijumaa kwa Ijumaa, kisha tajiri anaichukua.

Leo ni Jumamosi.